Picha ndogo kwenye pembe ya ndovu iliyonifanya nibadili jina la mwanangu

Wakuu, salaam kwenu mlioko makazini, mlioko kwenye foleni, na ninyi mnaosoma kimyakimya miaka yote bila kukomenti.

Nina jambo langu nataka kulitua hapa. Ni la kweli, sijaongeza chumvi. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina uhakika. Uzi ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka apite, sitamlaumu.

Mimi ni fundi matairi hapa Chalinze. Naziba pancha za malori yanayokwenda mikoani. Si mwandishi, nikikosea herufi nivumilieni.

Mwaka juzi mke wangu alijifungua mtoto wa kike. Alikuwa wa pili. Wa kwanza, Zuhura, tulimzika akiwa na miaka mitatu. Homa, siku nne, basi. Hapo sitaeleza zaidi.

Huyu wa pili alipozaliwa nikasema palepale wodini, anaitwa Zuhura. Alifanana na dada yake mpaka kidole gumba cha mguu. Mke wangu hakusema kitu, nami nikachukulia kwamba kakubali.

Nikampigia simu bibi yangu mzaa baba, anaishi Kaole, nimpe habari njema. Nilipotaja jina hakunipa hata hongera.

Kisha akasema, "Kabla ya siku ya saba uje. Uje peke yako."

Nisiwazungushe. Mwanangu leo anaitwa Rehema. Uzi huu unahusu alichonionyesha bibi siku ile, na mambo yaliyotokea Bagamoyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Nilifika Kaole saa nne asubuhi. Bibi hakuniuliza hata habari za njiani. Aliingia ndani akatoka na kijaluba cha shaba, vile visanduku vidogo ambavyo wazee walikuwa wakiwekea tambuu. Kile kijaluba nilikiona tangu utotoni nikiamini kina ugoro.

Akafungua. Ndani mna kitambaa, na ndani ya kitambaa mna picha.

Wakuu, ni ndogo kweli. Kiberiti cha kawaida kinaifunika yote. Umbo lake kama yai. Imechorwa kwa mkono, kwa rangi, juu ya kipande cha pembe ya ndovu kilichochongwa chembamba mno, hata ukikiinua kwenye mwanga unaona kivuli cha kidole chako kwa nyuma. Juu ina kioo, na ukingo wa shaba umeota kutu ya kijani.

Ni mtoto wa kike, miaka tisa hivi. Ushungi wa hariri nyekundu, vipuli vya dhahabu vitatu kila sikio, wanja machoni. Anaangalia pembeni kidogo, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili.

Kwenye shavu la kushoto kuna vidoa vitatu. Nikadhani rangi imebanduka. Nilitaka kupangusa, bibi akanipiga mkono.

"Hayo ni makovu ya ndui," akasema. "Huyo ni Tatu. Bibi yangu mimi."

"Mbona kavaa kitajiri hivyo? Si ulituambia walikuwa wanashona makuti?"

"Nguo si zake. Kaa chini."

Nikakaa. Hayo ninayoandika sasa bibi aliyapata kwa Tatu mwenyewe, aliyekufa kikongwe wakati bibi ni msichana. Sikuwepo, ninyi pia hamkuwepo. Nayaleta kama nilivyoyapokea.

Turudi miaka ya 1880, ile ya mwishomwisho, kabla kidogo ya vita ya pwani na Wajerumani.

Hapa Kaole palikuwa na ndugu wawili wa kike, baba mmoja mama mmoja. Mkubwa Salama, mdogo Mwanahawa.

Salama aliolewa Bagamoyo mjini na Mhindi Mwislamu, mnunuzi wa pembe za ndovu, jina lake Bwana Kanji. Misafara ikishuka kutoka bara, pembe zilikuwa zinapangwa uani kwake kama kuni. Nyumba ya mawe, ghorofa, mlango wa kuchongwa. Walikaa miaka mingi bila mtoto, halafu Mungu akawapa mmoja. Sakina.

Mwanahawa aliolewa hapahapa Kaole, akafiwa na mume mapema, akabaki na binti yake Tatu, anashona makuti ya kuezekea na kuyapeleka mjini kichwani.

Kwetu watoto wa dada wawili ni ndugu, hakuna neno jingine. Sakina na Tatu walipishana miezi minne tu. Wakiinama kwenye sinia moja kula, watu wazima walikuwa wanachanganya visogo vyao.

Mwaka huo ndui ikaingia mjini na msafara mmoja. Watoto wote wawili waliugua wiki moja. Mmoja juu ya godoro la pamba, mwingine juu ya mkeka.

Wa kwenye mkeka akapona na makovu matatu shavuni. Wa kwenye godoro akafa.

Bibi alipofika hapo alinitazama. Mimi nilikuwa naangalia sakafu.

Salama hakulia. Watu walisubiri alie, hakulia. Siku arobaini zilipita anakunywa uji wa kulazimishwa tu. Alikaa dirishani, na kila siku anamwambia mumewe jambo moja.

"Jana nilikuwa naikumbuka pua yake. Leo siikumbuki."

Kesho yake, "Leo sikumbuki jino lake lililovunjika lilikuwa la upande gani."

Kanji akaogopa. Aliona mke wake anampoteza mtoto mara ya pili, kipande kwa kipande.

Najua kuna mtu atauliza mbona hawakumpiga picha ya kamera. Kamera zilikuwepo Unguja wakati huo, ndiyo. Lakini nani alijua mtoto atakufa? Hakuna aliyempeleka. Alipokufa ikawa hakuna tena cha kupiga.

Sasa hapo kwa Kanji palikuwa na mfanyakazi, Mhindi mtu mzima, anaitwa Fundi Hasham. Kazi yake ilikuwa kukagua pembe. Anaigonga pembe kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anakwambia ina ufa ndani au haina.

Lakini huyu Hasham, kwao Bara Hindi, baba yake alikuwa mchoraji wa sura za watu juu ya vipande vya pembe, na yeye alifundishwa kazi hiyo tangu mdogo. Kamera zilipoenea kazi ikafa. Akavuka bahari kutafuta maisha. Alikuwa hajashika brashi kwa miaka kumi na moja.

Kanji akamwita. "Nichoree Sakina."

Hasham akachagua pembe safi, akakata kipande, akakisugua siku mbili kwa ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni, mpaka kikawa laini kama ngozi. Brashi alitengeneza mwenyewe kwa manyoya ya mkia wa kuchakuro, yaani kindi. Akachora kwa kukumbuka.

Salama alipoonyeshwa alitazama mara moja tu. "Huyu si yeye."

Akafuta, akachora tena. "Si yeye."

Mara ya tatu Hasham akamwambia tajiri wake ukweli. Hawezi kuchora kitu asichokiona. Anahitaji mtoto aliye hai akae mbele yake, mwanga umpige usoni, ageuze shingo. Akipata hivyo, atajaribu kumpata marehemu kupitia kwake.

Kanji hakuhitaji kuuliza mtoto gani.

Alipanda punda akaja mwenyewe Kaole. Mwanahawa alikuwa na ukuti mapajani, akainuka kwa heshima.

"Shemeji," Kanji akasema, "dada yako anakufa mbele ya macho yangu. Niazime Tatu siku kumi."

Mwanahawa hakupenda. Kwanza mambo ya picha ya kiumbe chenye roho yalimtia hofu, alilelewa na baba msoma Kurani. Wajuzi wa dini msinirukie, naeleza tu yaliyotokea. Pili, na hili alimwambia Tatu baadaye sana, aliona aibu. Mtoto wake amepona na wa dada yake amekufa. Tangu mazishi alikuwa hajaweza kumtazama dada yake usoni, kama vile kamwibia kitu.

Kwa hiyo akakubali. Akamuogesha Tatu, akamfunga kaniki yake safi, akampakia kwenye punda.

"Ukawe na adabu," akamwambia. "Mama mkubwa akikwambia jambo, sema abee."

Tatu alikuwa anaijua nyumba ile, alishacheza ndani yake mara nyingi. Safari hii walimvua kaniki mlangoni. Wakamvisha kanzu ya Sakina, ushungi wa Sakina, vipuli vya Sakina. Kanzu ilimkaa sawasawa. Mfanyakazi aliyemvisha alitoka chumbani akilia.

Akakalishwa dirishani kwenye kiti. Hasham mbele yake, kioo cha kukuzia kwenye jicho moja, lile lingine kalifumba. Salama nyuma kwenye mkeka.

Siku ya kwanza hakuna aliyesema neno. Siku ya pili Tatu akashindwa kuvumilia.

"Fundi, mbona unanitazama kama samaki mnadani?"

Hasham akacheka. Na Salama, wakuu, Salama akatabasamu. Jioni ile akaomba wali.

Nyumba nzima ikashusha pumzi.

Kuanzia hapo Hasham na Tatu wakawa marafiki. Alimruhusu amwoshee brashi. Akamweleza kwamba naye ana binti, alimwacha ng'ambo akiwa rika lake.

"Naye umemchora?" Tatu akauliza.

"Najaribu. Kila nikijaribu anatoka mtoto wa mtu mwingine. Sasa hivi keshakuwa mwanamke, na mimi bado natafuta kale katoto."

Tatu hakuelewa wakati huo. Alielewa alipozeeka, ndiyo maana maneno hayo yalifika hadi kwa bibi yangu.

Siku kumi zikapita. Picha ilikuwa imekaribia kwisha. Hasham alichora kila kitu kama anavyokiona, isipokuwa shavu la kushoto. Hapo aliagizwa alainishe, kwa sababu Sakina hakubaki na alama, alikufa kabla vidonda havijakauka.

Salama akaitazama. Safari hii hakusema si yeye. Alisema, "Bado kidogo. Usiharakishe, fundi."

Siku ya kumi na tano, bado kidogo. Siku ya ishirini, rudia jicho. Rangi ile ya maji inafutika juu ya pembe kwa kitambaa kibichi, kwa hiyo Hasham akawa anafuta na kurudia, anafuta na kurudia, huku akijua kazi imeisha zamani.

Salama alikuwa haangalii tena picha. Alikuwa anaangalia kitini.

Alianza kumsuka Tatu nywele kwa mtindo wa Sakina. Akamlaza kwenye kitanda cha Sakina. Akampa mdoli wa mbao wa Sakina ambaye zamani Tatu alikuwa anaruhusiwa kumshika kwa zamu tu.

Halafu asubuhi moja akiwa jikoni akaita kwa sauti, "Sakina!"

Waliokuwa wanapima pembe uani wakaacha kupima.

Tatu alikuwa kwenye ngazi. Alimwambia bibi yangu kwamba alisimama pale akaona akinyamaza mama mkubwa atarudi kulekule dirishani, hali, hasemi. Alikuwa na miaka tisa. Hakuna mtu mzima aliyefungua mdomo.

Akaitika, "Abee, mama."

Nilimwomba bibi asimame hapo kidogo. Nilitoka nje nikavuta hewa. Nilifikiria kile kitoto changu Chalinze, siku tano duniani, ambacho nilikuwa nimeshakiita mara hamsini kwa jina la mwenzake. Nikarudi.

Kuanzia siku ile ikawa ndiyo hali. Kanji alisikia, akaona mke wake ananenepa, akanyamaza. Nisimhukumu. Nadhani hata mimi ningenyamaza.

Na mjini kulikuwa na minong'ono. Wajerumani wamekodi pwani, wanataka kupandisha bendera yao, watu wamekasirika, patakuwa na vita. Kanji akaanza kufunga mali ili ahamie Unguja na familia yake. Familia, maana yake mke na mtoto.

Huku Kaole Mwanahawa alihesabu siku kumi, akahesabu ishirini. Mara mbili alituma ujumbe, mara mbili akajibiwa picha bado. Mwezi ulipotimia akaacha makuti chini, akatembea kwa miguu hadi mjini.

Walimkaribisha vizuri. Salama alikuwa amevaa, amepaka wanja, anacheka. Mwanahawa alifurahi kweli kumwona dada yake mzima. Akaketi, akaletewa kahawa.

Tatu akashuka ngazi, hariri yake na vipuli vyake. Akaja mpaka mbele ya mama yake, akapiga magoti kidogo, akatoa mkono.

"Shikamoo, mama mdogo."

Wakuu, mama yake mzazi. Aliyemzaa.

Tatu alisema hakukosea. Alijua anafanya nini. Alikuwa anamtazama Salama kwa kona ya jicho kuona kama amefanya vizuri.

Mwanahawa hakuitikia marahaba. Aliweka kikombe chini.

"Tatu, panda juu uvue hizo nguo. Tunaondoka."

Salama akasema, "Anakwenda wapi?"

"Kwao."

"Kwao ni hapa." Kisha sauti ikashuka. "Mwanahawa, mdogo wangu. Nipe. Sijawahi kukuomba kitu. Wewe bado kijana, utaolewa, utazaa. Mimi sizai tena. Nitamsomesha Kurani, nitamwoza vizuri. Wewe utampa nini? Makuti?"

Hapa lazima niwaeleze vijana. Zamani, na hata sasa kwetu, dada mkubwa asiye na mtoto akimwomba mdogo wake mtoto wa kulea, si jambo la ajabu. Anapewa. Ukimnyima unaonekana huna utu. Kwa hiyo Mwanahawa alikuwa amebanwa ukutani, na Salama alijua.

Mwanahawa akajibu taratibu sana.

"Dada, ungeniomba Tatu ningekupa. Wallahi ningekupa, nilie nikiwa kwangu. Lakini hujaniomba Tatu. Unamtaka Sakina, na Sakina sina. Nikikuachia huyu, mimi nitakuwa nimemzika wangu na wewe utakuwa hujamzika wako."

Kanji akaingia, akajaribu kusema kitu, Mwanahawa akamgeukia.

"Shemeji, uliazima mtoto kwangu kwa ajili ya picha. Iko wapi? Nataka kuiona."

Akaitwa Hasham. Akashuka na kitambaa mkononi.

Salama akaipokea, akaitazama.

Shavu la kushoto lilikuwa na makovu matatu.

"Fundi, hii nini?"

"Nisamehe, bibi," Hasham akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. "Mwezi mzima nimemtafuta Sakina kwenye uso huu. Nilimpenda pia, alikuwa anakuja kunigongea pembe. Sikumwona. Anayekaa kwenye kiti ni mtoto mwingine, ana makovu, na kila siku anapungua. Jana alfajiri nimechora nilichokiona. Ukitaka ifutwe, futa mwenyewe. Mimi sitafuta tena."

Kwa kazi ya mtu kama yule, mbele ya tajiri wake, yale yalikuwa maneno ya kufukuzwa.

Kanji akafungua mdomo. Salama akainua mkono kumzuia.

Akaisogeza picha karibu na macho. Akaigusa shavuni kwa ncha ya kidole, kovu la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akamwita mtoto karibu, akamgusa shavu lake halisi vilevile. La kwanza, la pili, la tatu.

Na hapo ndipo alipolia.

Alilia kilio chote cha tangu siku ya mazishi. Tatu alisema hajawahi kusikia tena sauti kama ile maisha yake yote, na aliishia kuzika watu wengi. Majirani walikimbilia wakidhani kuna msiba mpya. Mwanahawa alipiga magoti akamshika dada yake, wakalia wote wawili chini, kahawa imemwagika.

Baadaye Salama akanyanyuka mwenyewe, akamvua Tatu vipuli kimoja kimoja, akamvua ushungi, akaomba ile kaniki iletwe. Akamfunga kwa mkono wake.

"Mchukue, Mwanahawa," akasema. "Ondokeni sasa hivi, kabla sijageuza maneno."

Wakaondoka. Walipofika Kaole, Mwanahawa akamwita jina lake. Akaitika. Akamwita tena. Akaitika. Alimwita jioni nzima bila kumtuma kitu chochote, na mtoto akaitika kila mara.

Kuhusu Hasham, Kanji hakumfukuza. Alimwambia tu, "Fundi, kesho urudi kwenye pembe."

Wiki chache baadaye ikatokea Salama akaja Kaole kwa miguu, mwanamke aliyekuwa hatoki nje bila kubebwa. Miguu imevimba. Manowari zilikuwa zinaonekana baharini na familia ilikuwa inavuka kwenda Unguja kesho yake.

Alikaa mchana kutwa. Alikula ugali wa muhogo kwa mdogo wake. Alimsuka Tatu nywele, safari hii akamuuliza kwanza anataka mtindo gani.

Akaitoa ile picha akampa Mwanahawa. "Huyu wako. Mimi wangu sina picha yake, na nimekubali."

Kisha akamvuta Tatu mbele yake.

"Siku yoyote, mtu yeyote akikuita Sakina, hata mimi, usiitike. Umesikia?"

"Abee, mama mkubwa. Nimesikia."

Vita ikaja. Kaole walikimbilia mashambani, Mwanahawa akiwa na picha kiunoni ndani ya kijaluba. Salama hawakumwona tena. Walisikia aliishi miaka mingi Unguja, na kwamba kila Ijumaa alikuwa anatoa sadaka ya uji kwa watoto wa mtaani kwake, akitaja jina la Sakina kwa sauti. Hilo la sadaka ni la kusikia, sina uhakika nalo.

Hasham alibaki Bagamoyo kulinda ghala. Mji ulipopigwa mizinga haijulikani alikwenda wapi. Hakuna anayejua.

Bibi alipomaliza alifunika kijaluba, akanipa.

"Sikukatazi," akasema. "Mtoto wako, jina lako. Nimekwambia tu."

Nilirudi Chalinze. Nilimuuliza mke wangu, kwa mara ya kwanza, yeye anataka jina gani. Alilia kwanza, kisha akasema Rehema. Kumbe siku zote hizo, nikiwa sipo karibu, alikuwa anamwita mtoto "wewe" tu, kwa sababu lile jina lilikuwa halimtoki.

Sasa kitu cha mwisho, na hiki hata bibi alikuwa hakijui.

Ule ukingo wa shaba ulikuwa umelegea. Nikaufungua taratibu kwa bisibisi ndogo ili niukaze. Nyuma ya kile kipande cha pembe kuna maandishi madogo mno ya Kihindi, mstari mmoja. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuyaona.

Nikayapiga picha kwa simu, nikayakuza, nikampelekea mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vipuri Dar ninayenunua kwake. Akasema ni Kigujarati cha zamani, yeye hakisomi vizuri, akamwonyesha mama yake. Yule mama akavaa miwani, akasoma bila taabu.

Nikauliza imeandikwa Sakina?

"Hapana," akasema mzee kwenye simu. "Anasema imeandikwa: Tatu, wa Kaole."

Yule fundi aliagizwa kuchora marehemu, akalipwa kwa ajili ya marehemu, na mahali ambapo hakuna mtu angeangalia akaandika jina la mtoto aliyekuwa hai mbele yake.

Bibi nilipompigia kumwambia, aliniomba nirudie mara tatu. Halafu akasema, "Basi yule fundi alijua nani aliyekaa kitini," akakata simu.

Nilichojifunza mimi fundi matairi ni kidogo tu. Uliyempoteza ana nafasi yake, mwachie nafasi yake. Na huyu aliyekuja, mwangalie yeye. Sisemi kila anayempa mtoto jina la marehemu anakosea, kuna watu wanafanya hivyo kwa moyo mweupe na mambo yanakwenda. Mimi nilijijua nia yangu haikuwa nyeupe. Nilikuwa nataka kurudishiwa.

Wakuu, kwa mliopitia kufiwa na mtoto kisha mkapata mwingine, mlifanyaje? Andikeni hapa bila kuogopa, na wenye kejeli leo wapumzike.

Na kama kuna mtu Unguja, Dar au popote, nyumbani kwao kuna picha ndogo kama hii ya kwenye pembe, naomba aifungue nyuma kwa uangalifu, aangalie kuna jina gani. Inawezekana Fundi Hasham alifanikiwa siku moja kumchora binti yake.